Re: Maji ya boza, homa za Januari na kadi za chanjo kwa wanaohamia Nairobi

Kutoka: Mama wa Kasarani

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu.

Nauliza kwa niaba ya familia inayohamia Kasarani kutoka Mwanza mwezi ujao: baba, mama, mtoto wa miaka sita na mwingine wa miezi kumi. Ghorofa lina simtanki moja juu ya paa. Maji ya bomba huja mara mbili kwa wiki, yakikosekana mwenye nyumba huita boza. Naomba wenye ujuzi watuelekeze kwa vipimo, maana "chemsheni maji" kila mtu anajua. Na homa? Na chanjo za watoto? Asanteni.

Kutoka: Fundi Maji, Embakasi

Marahaba, dada. Mimi nitashika maji, mengine nawaachia wenyewe.

Maji ya Nairobi yakitoka kwenye mtambo wa kusafishia maji wa Ng'ethu hayana neno. Yanaharibikia njiani, na kinachoyaharibu ni mgao. Bomba likijaa, msukumo wa maji husukuma nje kupitia nyufa. Yakikatwa, bomba hubaki tupu na wakati mwingine huvuta hewa, na chochote kilicho nje ya ufa huingia. Mitaa mingi bomba la maji na la majitaka yamepita mtaro mmoja, kwa hiyo mjue ni nini kinachoingia. Ndiyo maana maji ya kwanza baada ya mgao huwa na rangi ya chai. Msiyapeleke tangini. Fungueni bomba la chini, yamwagikie kwenye ndoo za choo na za kupigia deki mpaka yang'ae.

Boza nalo si chanzo, ni gari tu. Mwulizeni dereva amejaza wapi. Akisema kisimani, basi hayo maji hayana klorini hata chembe, na kijidudu kitakachoyaingia njiani kitasafiri salama hadi kwenye kikombe. Angalieni na paipu lake. Likiburutwa kwenye matope ya geti, kisha likatumbukizwa tangini, haijalishi kisima kilikuwa safi kiasi gani. (Visima vingi vya Nairobi vina floridi nyingi, ile inayopaka meno kahawia. Kuchemsha hakuiondoi, kunaizidisha, kwa kuwa maji hupungua na yenyewe hubaki. Huyu mtoto wa miezi kumi asipikiwe uji kila siku kwa maji ya kisima kama kuna mengine.)

Vipimo sasa. Jiki ya kawaida isiyo na manukato huwa na asilimia 3.5 ya dawa ya klorini. Someni lebo, zinatofautiana.

Kwa ndoo ya lita 20 ya maji maangavu: robo kijiko cha chai. Ukitumia WaterGuard ya chupa, ni kifuniko kimoja kwa lita 20. Koroga, funika, subiri dakika 30. Maji yakiwa na tope, yaache yatulie usiku kucha, yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, halafu weka dozi maradufu. Usiruke kuchuja. Tope hula klorini kabla haijafika kwa kijidudu, ndipo mtu anasema "nimetia dawa na bado tumeharisha".

Kwa tanki: mililita 60 za jiki, yaani vijiko vinne vya mezani, kwa kila lita 1,000 za maji.

Klorini huisha. Maji ya ndoo yatumike ndani ya saa 24. Wenye kutaka uhakika wanunue kile kipimo cha bwawa la kuogelea chenye vidonge vinavyogeuza maji kuwa ya waridi: bombani jikoni mnataka kusoma kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita. Chini ya hapo, hakuna ulinzi. Jiki iliyokaa juani dirishani miezi sita nayo ni maji ya chumvi tu.

Kisha kuna kikombe. Hapa ndipo nyumba nyingi huharibu kazi yote. Maji yametiwa dawa, yamefunikwa, halafu mtoto anatoka chooni anachota kwa kikombe chenye mkono, vidole vinne vinaingia hadi kwenye maungio. Tumieni dumu la mdomo mwembamba au ndoo yenye koki. Mkono usiguse maji, basi.

Kusafisha tanki, mara mbili kwa mwaka na kila linapoingia maji machafu: maji yatoke yote, sugua kuta kwa brashi bila sabuni, suuza. Kitabu kinasema ujaze tena, utie lita moja na nusu ya jiki kwa kila lita 1,000, ufungue kila koki ndani ya nyumba mpaka harufu itoke, uache saa 12 hadi 24, kisha umwage. Nani ana maji ya kumwaga hapa mjini? Njia ya mgao ni hii: ndoo ya lita 10, mililita 60 za jiki, paka kuta zote kwa brashi, subiri nusu saa, suuza na kumwaga. Vaa glovu na ufungue mfuniko hewa ipite. Jiki isichanganywe na dawa ya choo kamwe, hutoa gesi inayounguza mapafu. Na tangi la chini ya ardhi mtu asiingie peke yake, hewa ndani yake inaweza kuisha.

Kutoka: Kijana wa South B

Fundi, jiki si ya kufulia? Sisi tunachemsha tu. Ila kuna jamaa kaniambia huku juu maji huchemka mapema, kwa hiyo hayaui kitu.

Kutoka: Fundi Maji, Embakasi

Jamaa ana nusu ya ukweli. Mji uko mita kama 1,700 juu ya bahari, maji huchemka karibu nyuzi 94 badala ya 100. Zinatosha kabisa. Yakitokota kwa nguvu dakika moja, bakteria, virusi na amiba wamekwisha. Juu ya mita 2,000, kama Limuru, weka dakika tatu. Kuchemsha kunaishinda klorini kwa jambo moja: kuna vijidudu vyenye gamba, kama kriptosporidiamu, ambavyo klorini ya nyumbani haiviwezi. Klorini nayo inashinda kwa jingine: maji yaliyochemshwa hayana mlinzi, kidole kimoja kikiingia yamechafuka tena. Mwenye mtoto mchanga achemshe, kisha ahifadhi kwenye chombo chenye koki. Jiki ya kufulia ni dawa ileile, mradi haina manukato wala rangi.

Kutoka: Maabara, Ngara

Habari zenu. Niingie kwenye homa.

Nairobi haina malaria ya kusemwa, na sababu ni baridi. Kimelea lazima kikue ndani ya mbu zaidi ya wiki moja kabla ya kuambukiza mtu mwingine, na chini ya nyuzi 18 ukuaji huo hukaribia kusimama. Mbu anakufa kabla mzigo haujaiva. Mwanza ni habari nyingine, na mzigo unaweza kupanda basi na abiria. Malaria kali ya kwetu huchomoza kwa kawaida siku 9 hadi 14 baada ya kuumwa na mbu, wakati mwingine mwezi na zaidi. Kwa hiyo familia hii ikipata homa wiki ya pili Kasarani, sentensi ya kwanza kwa daktari iwe "tumetoka Mwanza tarehe fulani". Msiposema, wataandika mafua, kwa kuwa ndiyo yaliyojaa foleni.

Wenyeji wa siku nyingi hapa nao wasikilize. Kinga mliyokuja nayo kutoka Kanda ya Ziwa au Tanga hupungua usipoumwa na mbu mara kwa mara, na mtoto aliyezaliwa Nairobi hana kabisa. Mnakwenda Krismasi, mnalala bila chandarua kwa bibi, homa inawakuta Januari mkiwa mmerudi. Watoto hao walale kwenye chandarua chenye dawa, na kabla ya safari mwulizeni daktari dawa ya kinga. Mojawapo, doksi (doksisaiklini), haifai kwa mjamzito wala mtoto chini ya miaka minane.

Kipimo cha haraka kikiwa hasi na homa ipo, rudieni baada ya saa 12 hadi 24, hadi mara tatu. Kikiwa chanya wiki mbili baada ya kumaliza dawa mseto ya malaria, msikimbilie dozi nyingine. Kipimo kile hunusa protini ya kimelea, nayo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya kimelea kufa. Ombeni damu iangaliwe kwa hadubini. Mseto wenyewe ni dozi sita kwa siku tatu, ya pili saa nane baada ya ya kwanza (saa nane kwa kuhesabu, si saa nane ya mchana, wapo waliokosea), na inywewe na maziwa au chakula chenye mafuta, la sivyo sehemu kubwa yake haiingii mwilini.

Sasa lile la "una malaria na taifodi". Karatasi inarudi imeandikwa Widal 1:160, mtu anapigwa sindano siku saba. Widal haitafuti bakteria, inatafuta kingamwili. Kwa mji ambao watu wengi wamewahi kukutana na salmonela, au wamechanjwa, au wana malaria sasa hivi, kingamwili zinaweza kuwepo bila homa ya matumbo (ndiyo taifodi). Namba moja ya Widal, peke yake, haithibitishi kitu. Kipimo cha maana ni kuotesha damu, mililita 8 hadi 10 kwa mtu mzima, itolewe kabla ya antibayotiki yoyote. Majibu ni siku mbili hadi tano, na hata hicho hukosa wagonjwa karibu wanne katika kumi. Lakini kikishika, kinakwambia na dawa gani bado inafanya kazi, na hilo kwa Nairobi ni kubwa: aina sugu kwa ampisilini, kloramfenikoli na septrini zimezoeleka, na siprofloksasini nayo inalegea.

Kutoka: Nesi, Eastleigh

Nimesoma yote, nashukuru. Nianze na msamiati kwanza: surua hapa wanaita *ukambi*. Ukisema surua kliniki unaweza kutazamwa tu.

Ratiba ya chanjo yake ni ileile ya nyumbani Tanzania, miezi 9 na miezi 18. Mtoto wa miezi kumi awe ameshapata ya kwanza, na kadi isafirishwe mkononi, isiwekwe kwenye lori la mizigo. Msione surua kama vipele. Mgonjwa anaambukiza siku nne kabla ya vipele kutoka, na hewa ya chumba alichokuwemo inaweza kuambukiza hadi saa mbili baada ya yeye kuondoka. Kumtenga mtoto vipele vikishaonekana ni kufunga zizi ng'ombe wako barabarani. Ambaye hajachanjwa na amekutana na mgonjwa apelekwe ndani ya saa 72, chanjo bado inaweza kumwokoa. Akiugua, aulizwe kama amepewa vitamini A, dozi mbili siku mbili mfululizo. Ndiyo inayolinda macho.

Chanjo ya homa ya matumbo Kenya iliiingiza Julai 2025, kwa watoto wa miezi 9 hadi miaka 14. Ulizeni kituo cha afya kilicho karibu.

Kifua kikuu: hakiambukizwi kwa kikombe, sahani wala shuka. Kwa hiyo ile tabia ya kumtengea mjomba kijiko chake haina faida, inamuumiza tu. Kinaenea kwa hewa ya chumba kilichofungwa, na Nairobi ya Juni hadi Agosti kila dirisha la matatu limefungwa kwa baridi. Fungueni hata vidole viwili. Kikohozi cha wiki mbili, makohozi yapimwe kwa mashine ya GeneXpert. Dawa za miezi sita ni bure. Nyumba ikiwa na mgonjwa, mtoto wa chini ya miaka mitano apelekwe apewe dawa ya kinga hata kama hakohoi.

Kipindupindu msidhani ni cha mitaa ya mabanda. Mwaka 2017 kiliwakumba wajumbe wa kongamano la afya waliokuwa kwenye hoteli ya hapa mjini. Kinachoua ni kukauka, na kinaweza kuua ndani ya saa chache. Choo kikiwa kama maji ya kuoshea mchele, anzeni ORS mkiwa njiani kwenda hospitali. Pakiti nyingine ni za lita moja, nyingine nusu lita, na kosa kubwa ni kugawa pakiti nusu-nusu kwa macho. Kama hakuna pakiti: lita moja ya maji salama, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Soda si mbadala, sukari yake nyingi huvuta maji tumboni na kuongeza kuharisha. Wa miezi kumi mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha, wa miaka sita 100 hadi 200. Akitapika, ngojeni dakika kumi, endeleeni kijiko kimoja-kimoja. Zinki miligramu 20 kila siku, siku kumi hadi kumi na nne, hata kama kuharisha kumekoma siku ya tatu. Na ziwa la mama lisikatwe.

Kadi ya homa ya manjano, kwa kuwa mpakani Namanga huulizwa mtu anapotoka Kenya: inaanza kutumika siku 10 baada ya sindano, na tangu Julai 2016 ni ya maisha. Kadi ya zamani iliyoandikwa miaka kumi bado halali. Kwa mtoto, chanjo hii na ya surua zitolewe siku moja, au ziachane wiki nne.

Kutoka: Mama wa Kasarani

Asanteni sana wote. Fundi, swali la mwisho: tanki ni la lita 5,000 lakini boza hulijaza nusu. Niweke mililita 300?

Kutoka: Fundi Maji, Embakasi

Hapana, hesabu maji yaliyomo, si tanki. Nusu ni lita 2,500, kwa hiyo mililita 150. Zichanganye kwanza kwenye ndoo ya maji, zimimine tangini boza likiwa bado linajaza ili zikorogeke, kisha funga mfuniko. Na mwenye nyumba amwambie dereva paipu lisiguse chini.