Mjadala: Hip hop ilianzia Bronx, Kingston au Afrika?

Mleta mada

Wakuu, salaam.

Kuna kauli inayorudiwa kila wana-hip hop wa hapa kwetu wanapokutana, iwe kijiweni au redioni: "Asili ya hip hop ni Afrika, Wamarekani waliichukua tu wakaiuza." Mimi naipinga. Anayeona nimepotoka aje na hoja, tuzipime.

Tarehe 11 Agosti 1973, binti aitwaye Cindy Campbell aliandaa dansi katika ukumbi wa jengo la ghorofa alimoishi na familia yake, namba 1520 Sedgwick Avenue, magharibi mwa Bronx, New York. Alikuwa anatafuta hela ya nguo kabla shule hazijafunguliwa. Kiingilio kilikuwa senti 25 kwa wasichana, senti 50 kwa wavulana. Santuri zilipigwa na kaka yake Clive, miaka 18, aliyejiita DJ Kool Herc.

Dansi zilikuwepo siku zote. Kipya ni kile alichokuja kukifanya Herc kwenye dansi zake. Aliwachunguza wachezaji akaona kwamba wengi hawapandi mzuka mwimbaji anapoimba. Wanasubiri ile sehemu fupi ambapo sauti na vinanda vinanyamaza, inabaki ngoma tupu na besi. Sehemu hiyo, yaani breki, inadumu sekunde chache tu. Herc akachukua nakala mbili za santuri moja na kuziweka kwenye mashine mbili: breki ya kwanza ikiisha anaingiza ya pili, huku ile ya kwanza anairudisha nyuma ianze tena. Sekunde zikawa dakika. Alifanya hivyo kwa nyimbo za James Brown na kwa "Apache" ya Incredible Bongo Band. Waliojimwaga uwanjani breki ikipigwa wakaitwa b-boy. Rafiki yake Coke La Rock akashika maiki, akawa anawaita watu kwa majina na kuwachangamsha kwa maneno mafupi. Uchanaji wa mistari tunaoujua leo ulikua kutokea hapo.

Wakaja wengine. Grandmaster Flash, mzaliwa wa Barbados aliyesomea umeme katika shule ya ufundi, alichora alama juu ya santuri ajue breki inaanzia wapi, na akatengeneza njia ya kuisikiliza santuri ya pili kwenye hedifoni kabla umati haujaisikia. Grand Wizzard Theodore, akiwa bado kijana mdogo sana, akagundua kuikwaruza santuri mbele na nyuma hadi ikatoa mlio wake wa pekee.

Na kwa nini Bronx? Barabara kuu ya Cross Bronx Expressway, iliyosimamiwa na Robert Moses, ilipasua mitaa katikati na kuzing'oa familia kwa maelfu. Majengo yakashuka thamani, na wapo wenye nyumba waliolipa watu wayachome ili wavune bima. Magenge yakatawala mitaa. Desemba 1971, baada ya kuuawa kwa mpatanishi wa genge la Ghetto Brothers aliyeitwa Black Benjie, viongozi wa magenge walikutana Hoe Avenue kutafuta amani. Bila amani ile, hata iliyokuwa ya kuchechemea, kijana asingethubutu kuvuka mtaa usio wake kufuata muziki. Hayo ndiyo mazingira, na hayakuwa ya Dakar kule Senegali wala ya Kingston kule Jamaica.

Mchangiaji, Mombasa

Mleta mada, heshima yako, lakini hoja yako imejifunga yenyewe. Herc ni Mjamaika! Kazaliwa Kingston 1955, kahamia Bronx 1967. Alikotoka aliacha spika kubwa kama makabati zimepangwa barabarani, DJ anashindana na DJ mwenzake nani ana muziki mzito zaidi, na mtu wa maiki anayeghani juu ya muziki. U-Roy alikuwa anashika chati za Jamaica kwa kughani mwaka 1970, miaka mitatu kabla ya hiyo dansi ya Cindy. Kijana kabeba utamaduni wa kwao kaufungua ng'ambo. Sasa Bronx ina lipi zaidi ya kuwa mahali pa kufikia?

Mchangiaji, Arusha

Na hao Wajamaika walitoka wapi? Wagrioti, yaani waghani wa jadi wa Mali, Senegali na Gambia, wamekuwa wakighani historia juu ya ala kwa mamia ya miaka. Watu wao walipelekwa utumwani wakiwa wameyabeba hayo vifuani. Hata kwetu kuna malumbano ya washairi, huyu anatupa beti, yule anamjibu kwa vina vilevile. Ndiyo maana Saleh Jabir alipochana kwa Kiswahili juu ya mdundo wa "Ice Ice Baby" mwaka 1991, watu hawakushangaa. Kilikuwa kitu chetu kimerudi.

Mchangiaji mwingine

Mnawasahau Wapuerto Rico. Charlie Chase alikuwa DJ wa kundi la Cold Crush Brothers la Bronx, na brekidansi isingefika mbali bila vijana kama Crazy Legs wa Rock Steady Crew. Walikuwa ndani tangu miaka ya 70, wala si wageni waalikwa.

Mleta mada

Nashukuru, sasa tumefika penyewe.

Wapuerto Rico nakubali moja kwa moja. Walikuwa majirani wa jengo moja, na wanaingia kwenye hoja yangu: hip hop ilizaliwa na vijana wa mtaa ule waliochanganyika vile.

Ndugu wa Mombasa, spika kubwa nakupa, na ule moyo wa kushindana pia. Lakini Herc alipowapigia rege watu wa Bronx mwanzoni, hawakuitikia. Alilazimika kuwafuata kwenye fanki yao. Breki aliyoirefusha ilikuwa ndani ya muziki wa Wamarekani weusi, na waliomfundisha ipo wapi ni miguu ya wachezaji wa Bronx. Halafu tazama huko nyuma: Count Machuki, miongoni mwa watu wa kwanza kughani kwenye maiki Jamaica, aliiga mtindo wa watangazaji weusi wa redio za Marekani, watu wa kizazi cha Jocko Henderson wa Philadelphia, waliotangaza nyimbo kwa vina. Kwa hiyo Kingston ilichukua Marekani, Marekani ikachukua Kingston. Ukisema chanzo ni Jamaica, itabidi utuambie umesimamia wapi kwenye mzunguko huo na kwa nini.

Ndugu wa Arusha, hoja yako ndiyo inayonigusa zaidi, kwa sababu inatufariji wengi. Undugu upo, siukatai. Waliovushwa bahari kwa minyororo walibeba midundo, majibizano na utani wa kuchambana, na havikufa. Ila undugu huohuo umezaa bluzi, jazi, injili na kalipso. Ukiwa chanzo cha vyote hivyo, hautuelezi kwa nini hiki kimoja kilitokea Bronx mwaka 1973 na si Georgia mwaka 1920. Tena griot huzaliwa katika ukoo wa kazi hiyo, hurithishwa nasaba na sifa za watawala, hupokea zawadi kwa kuwasifu. MC wa Bronx, yaani mshika maiki, hakurithi cheo chochote. Alijipa jina mwenyewe na kulitetea mbele ya watu ambao wangeweza kumzomea.

Mnaweza kuuliza kwa nini nalishikilia jambo hili. Ni kwa sababu hawa watu wamekwisha kufutwa mara moja. Mwaka 1979 Sylvia Robinson wa Sugar Hill Records aliwakusanya vijana watatu huko New Jersey, wakarekodi "Rapper's Delight" juu ya mdundo wa "Good Times" ya Chic. Dunia ikasikia hip hop kwa mara ya kwanza kupitia watu ambao hawakuwa wachanaji wa dansi za Bronx. Mmoja wao, Big Bank Hank, alichana mistari ya Grandmaster Caz wa Cold Crush Brothers, na hakujisumbua hata kubadili jina: mle ndani anataja herufi kwa herufi jina la kisanii la Caz, "Casanova". Caz hakuandikwa kuwa mtunzi wa wimbo ule. Ninapomsikia mtu anasema "hii ni ya Afrika nzima", nasikia jina la Caz likifutwa tena, safari hii na ndugu zake.

Saleh Jabir simpunguzii chochote. Alichokifanya ni kikubwa kuliko unavyokieleza. Hakupokea kitu kilichorudi nyumbani, alichukua kitu cha wengine akakilazimisha kiseme Kiswahili. Kundi la Kalamashaka likafanya vivyo hivyo kutoka mtaa wa Dandora, wakaisema Nairobi yao kwa lugha ya mtaani kwao. Sugu alichana hadi akaingia bungeni kupitia Mbeya Mjini mwaka 2010, na Profesa Jay akamfuata mwaka 2015 kupitia Mikumi. Hayo ni ya kwetu kabisa, tunaweza kuyadai kwa majina na miaka, kama ninavyowadai wale wa Sedgwick Avenue.

Basi nauacha uzi wazi kwa maswali mawili. Ndugu wa Mombasa, nitajie DJ wa Kingston aliyekuwa akirefusha breki kwa nakala mbili za santuri kabla ya Herc. Ndugu wa Arusha, tukikubali kwamba hip hop ni ya Afrika, mgao wa Grandmaster Caz tunauandika wapi?