Kwa nini wakulima wengine wanagomea kisiki hai na matuta ya kontua?

jembe_butu: Wakuu habari za jioni. Niko Kongwa, kijijini kwetu umekuja mradi wa kisiki hai (unaacha visiki vya miti vichipue, unavipogolea vikue) na makinga maji (yale matuta ya kontua ya kuzuia maji yasitiririke), semina tumekaa, posho tumekula, ila nikizunguka mashambani naona wachache tu ndo wanafanya, wengine wanang'oa visiki vyote na kuchoma moto kama kawa. Elimu wanayo. Sasa nini hasa kinamfanya mkulima akubali? Wazoefu njooni.

Mzee wa Kiangazi: Shamba la nani? Anzia hapo. Wengi tunalima ya kukodi msimu mmoja mmoja, sasa mimi nimlelee mtu miti yake, nimchimbie makinga maji, mwakani rutuba ikirudi ampe shemeji yake? Thubutu. Lile langu la urithi visiki nimeviacha na kupogolea, kuni mama watoto anapata hapohapo.

mluguru halisi: Kulazimisha watu nako kunaharibu. Babu zetu Uluguru 1955 waliandamana kupinga matuta ya ngazi ya mkoloni, kazi ya kuvunja mgongo, halafu udongo mzuri kule ni mwembamba, ukichimba ngazi unaufukia unabaki unapanda kwenye ule mbovu wa chini, mavuno hamna. Ila nenda Mbinga, Wamatengo wanachimba ngoro (mashimo yaliyozungukwa na matuta) kwenye miteremko mikali tangu enzi na enzi, hakuna aliyewapiga faini, wanajua nyasi zikioza chini ya tuta maharage yanakubali.

Mutua_M: Hata huku Machakos wazee walichukia matuta ya kulazimishwa, lakini baada ya uhuru watu walijichimbia fanya juu (matuta ya kurusha udongo upande wa juu wa mtaro) wenyewe bana, kwa sababu kahawa, matunda na mboga zilikuwa na soko na Nairobi iko karibu. Pesa ikionekana mtu anaita mwethya, kikundi cha kusaidiana kazi, wanachimba.

ng'wana shy: Mmesahau mifugo. Unaacha mabua yafunike udongo, usiku ng'ombe za jirani zimemaliza zote, utarudia tena? Shinyanga mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulivyoanza 1986 ngitili, yale maeneo ya malisho yanayotengwa, zilirudi maana Msukuma alishazijua, ni malisho yake ya kiangazi, na ukilishia ya mwenzio sungusungu, walinzi wa kijiji, wanakushughulikia.

jembe_butu: Aisee la kukodi limenigusa, wanaong'oa wengi ni wapangaji kweli. Mkataba wa miaka mitano hivi unaandikishwa wapi, kwa mtendaji wa kijiji?

Mzee wa Kiangazi: Kwa mtendaji, nendeni na mashahidi, na mke wa mwenye shamba asaini pia. Mke wa aliyenikodisha mimi hakusaini, ndo nikafukuzwa.