Nanunua farasi wa kuzungukia njia za majani chai, nichukue yupi?

mwana_limuru:
Wadau niaje. Nataka farasi wa kuzunguka naye wikendi huku Limuru, si mbio si mashindano, ni zile njia za kwenye majani chai na msituni kidogo. Nimepata wawili kwa watu wa huku huku. Wa kwanza alikuwa anakimbia pale Ngong kwenye uwanja wa mbio za farasi, jamaa anasema ana miaka 7, mrefu, anang'aa, na bei iko chini mpaka nashangaa. Wa pili ni poni wa kutoka kaskazini, mfupi, amezubaazubaa hivi, na mwenyewe anataka pesa nyingi kuliko za yule wa mbio!! Mimi nina kilo 82, kupanda najua kiasi.

sais_wa_zamani:
Bei isikushangaze, farasi wa Ngong akiacha kushinda bado anakula vilevile, kwa hiyo mwenyewe anataka atoke bandani. Si kwamba wote ni wabovu. Shida ni kwamba akisikia kwato nyuma yake anajua ni mbio, na wewe hapo uko katikati ya chai na boda inapita.

Nenda asubuhi bila kupiga simu. Ukipiga utamkuta ashatandikwa ashazungushwa jasho linamtoka, na farasi aliyechoka ni mpole hata akiwa shetani. Mguse miguu akiwa baridi, angalia akifungwa tandiko, halafu mwambie sais wake, yaani mtunza farasi, apande kwanza. Sais akianza visingizio we rudi nyumbani.

Umri usiambiwe, funua mdomo. Lile jino la mbele la juu, la pembeni, huwa na mfereji wa kahawia, unachungulia kwenye ufizi akiwa na miaka 10 hivi, 15 uko nusu, 20 umefika chini. Huyo wa "7" akiwa nao nusu unauziwa babu.

kwato_nne:
Chukua poni bana, kuzubaa ndio unalipia hapo. Farasi wa njia ni yule anayepita karibu na lori na mfuko wa nailoni hata sikio halitingishi.

mama_poni:
@kwato_nne pole pole, umesoma kilo zake? Mpanda na tandiko wasizidi kama asilimia 20 ya uzito wa farasi. Chukua utepe wa fundi cherehani, zungusha kifua nyuma ya miguu ya mbele, kisha pima urefu kutoka begani mpaka mfupa wa kalio, kwa sentimita. Kifua mara kifua mara urefu, gawa kwa 11,880, unapata kilo. Poni wa kifua 160 na urefu 150 ni kama kilo 323, yaani anabeba 65 hivi. Kaka na kilo zako 82, na tandiko bado, utamvunja mgongo maskini.

mwana_limuru:
Duh dada hiyo sikuwaza. Basi ni yule wa mbio?

mama_poni:
Si lazima mdogo wangu, nani amekuambia wako wawili tu Kenya nzima? Tafuta chotara wa kilo 450 hivi aliyezoea kutoka peke yake. Mtoe mwenyewe, mwache mwenzake bandani, uone kama anakubali kwenda au anageuka getini analia.

vet_wa_mtaani:
Yeyote utakayempata, leta daktari wako, si wa muuzaji. Aangalie kwato na macho, atoe damu ya kupima, kwa sababu dawa ya maumivu inaficha kuchechemea siku kadhaa tu halafu inaisha ukiwa ushalipa. Ulizia kadi ya chanjo ya ugonjwa wa farasi wa Afrika, KEVEVAPI, wale wa serikali wa chanjo za mifugo, wanaitengeneza hapa hapa, inarudiwa kila mwaka. Ugonjwa wenyewe hauna tiba, unaletwa na visubi, kwa hiyo jua likizama awe ndani mpaka asubuhi hasa msimu wa mvua. Na kabla hajapakiwa kwa lori chukua kibali cha kusafirisha mifugo.

mwana_limuru:
Sawa daktari. Sasa nikimpata huyo chotara atakaa peke yake ama nitafute na punda?

mama_poni:
Punda ni sawa kabisa. Dawa za minyoo mpe pia punda.