Tupeane uzoefu: makampuni ya simu yaachwe yapange bei yenyewe?

Wakuu, juzi nimepekua droo nikakuta laini nne za zamani, moja imefungwa kwenye risiti. Nikakumbuka maisha yale: simu ya mke, simu ya bosi, simu ya kijijini, maana kupiga mtandao mwingine ilikuwa kuunguza salio. Ukiritimba wa TTCL, kampuni ya simu ya Tanzania, kwenye simu za mezani uliisha Februari 2005, ushindani ukapamba moto, ila ukuta kati ya mtandao na mtandao ulibaki. Aliyeubomoa ni TCRA, mdhibiti wa mawasiliano Tanzania, kwa kupanga ada ya mwingiliano ambayo kampuni zinalipana mteja wa moja akipiga kwa mwingine: 2013 shilingi 34.92 kwa dakika, 2022 shilingi 2. Soko peke yake lisingefanya hivyo. Nyie yamewakuta yapi?

Mama Vitunguu: Aprili 2021 nipo Makambako na mzigo. Asubuhi najiunga kifurushi kile kile, elfu moja ile ile, dakika zimenyofolewa. Nikadhani nimebonyeza vibaya, nikajiunga tena. Elfu ya pili hiyo! Kumbe nchi nzima inalia. Serikali ikasitisha, vikarudi vya zamani. Kinachonichekesha, kanuni zilizoanza siku zile zilikuwa za kututetea sisi: umrushie mwenzako kifurushi, ujulishwe ukishatumia asilimia 75 yake.

Mpwani 001: Huku Kenya 2010 mdhibiti alikata ada ya mwingiliano kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21 kwa dakika. Agosti kampuni moja ikashusha kupiga hadi shilingi 3, wengine wakafuata. Mombasa tuliongea hadi masikio yakapata moto.

Fundi Simu: Kuhama mtandao na namba yako ile ile kunaruhusiwa tangu Machi 2017. Mimi nilihama, tatizo langu likahama nami 😂

Mjukuu: Bibi yangu alikuwa akiwekewa vocha jioni, asubuhi imepungua. Kufuatilia, ameungwa kwenye meseji za dondoo za mapenzi. Ana miaka 78! Dukani kwao kijana ananiambia, "Alijiunga mwenyewe." Bibi hata miwani hana.

Mleta mada: Mkuu, lalamika kwao kwanza kwa maandishi, utunze namba ya malalamiko. Wakikuzungusha, peleka TCRA na hiyo namba.

Mjukuu: Nimewaandikia, wameziondoa. Sasa bibi ananikaba nimsomee zilikuwa zinasemaje.