Shokapu za mbele zimekufa: nibadilishe mwenyewe nyumbani au nisithubutu?

MwendoPole:

Wakuu, habari zenu. Nina sedani ya mwaka 2001, inavutwa na tairi za mbele, imeshatembea kilomita 240,000 na ushee. Gari hili niliachiwa na baba. Sitaki kuliuza wala kulitelekeza, nataka nijifunze kulitunza kwa mikono yangu.

Tatizo ni hili. Nikivuka tuta, pua inapanda na kushuka mara mbili tatu ndipo itulie. Nikikanyaga breki linainama mbele kama linasujudu. Tairi ya kushoto nikiipapasa nasikia mabonde na vilima, haijalika sawasawa. Shokapu ya upande huo imelowa mafuta kuanzia katikati mpaka chini, na vumbi limegandia juu yake. Ya kulia ni kavu kabisa. Halafu kuna mlio, "tong!", nikizungusha usukani gari likiwa limesimama.

Nimeshawahi kubadilisha pedi za breki na tairodi moja ya usukani. Nina jeki, stendi mbili, soketi, na rafiki wa kunishikia. Naomba kujua: nibadilishe ya kushoto peke yake? Springi inabanwaje mtu akiwa nyumbani? Na ile nati ya katikati pale juu, naifungua shokapu ikiwa bado kwenye gari au baada ya kuitoa?

FundiMstaafu:

Kijana wangu, naanza na swali lako la mwisho, maana ndilo linaloweza kukuua.

Ukifungua boneti utaona juu ya kila shokapu nati tatu ndogo zimezunguka nati moja kubwa ya katikati. Zile ndogo zinashika maunti, yaani kile kiti cha juu cha shokapu, kwenye bodi, hizo utafungua. Ile ya katikati usiiguse kabisa mpaka springi iwe imebanwa. Nilipokuwa na miaka 19, bado najifunza kazi, mwenzangu aliifungua shokapu ikiwa imelala sakafuni, springi haijabanwa. Maunti iliruka ikatoboa bati la paa. Kichwa chake kilikuwa shibiri moja tu pembeni. Nimefanya kazi hii miaka zaidi ya 30 baada ya hapo, na mpaka leo nikiiona nati ile mkono unakuwa mzito kwanza.

Sababu yake ni hii: kwenye gari kama lako springi na shokapu vimeunganishwa kuwa kitu kimoja, mtindo wa MacPherson. Springi imebanwa kati ya sahani ya chini na maunti ya juu, na kinachoizuia isifyatuke ni nati hiyo moja tu. Hata ukiinua gari mpaka tairi zining'inie, springi bado imebanwa. Usidanganyike kwamba imelegea.

Vifaa vya kubania springi huja viwili viwili, kila kimoja ni skrubu ndefu yenye kulabu. Unaviweka pande mbili zinazotazamana, kulabu zikamate mizunguko mingi kadiri inavyowezekana, kisha unakaza huku kidogo na kule kidogo. Ukikaza upande mmoja tu, springi inapinda kama upinde. Usitumie mashine ya hewa, tumia spana ya mkono. Uso wako na wa rafiki yako visikae usawa wa ncha za springi hata mara moja. Springi ikianza kuchezacheza ndani ya viti vyake, hapo ndipo unafungua nati ya katikati.

Kuhusu kubadilisha moja: hapana. Zinabadilishwa mbili za ekseli moja, hata kama ya kulia ni kavu. Ukavu unakwambia sili, ile raba inayozuia mafuta yasitoke, haijapasuka, haukwambii kama ndani bado kuna kazi. Ukiweka mpya upande mmoja, kila upande utatulia kwa namna yake, na utakuja kulijua hilo siku ya breki ya ghafla kwenye kona.

Na ule mlio wa "tong" unatoka kwenye beringi ya maunti. Imekwama, kwa hiyo ukikata usukani springi inajisokota halafu inaachia. Badilisha maunti, beringi, kifuniko cha vumbi na raba ya kuzuia kugonga, vyote kwa pamoja. Kufungua tena kazi yote hii kwa sababu ya raba uliyoionea huruma kunaumiza sana.

DadaSoketi:

Mzee amemaliza upande wa springi. Mimi nilifanya kazi hii mwaka jana kwenye gari langu, kwa hiyo naongeza yale ambayo yalinitesa mimi.

Chini, shokapu inashikwa na bolti mbili kubwa kwenye nako, kile chuma kinachobeba habu ya tairi. Kabla hujafungua, safisha kwa brashi ya waya na uchore mstari unaopita juu ya vyuma vyote viwili, na kichwa cha bolti ya juu pia. Kwenye magari mengi pale ndipo pembe ya tairi inaporekebishwa. Mstari ule utakusaidia kurudisha karibu na ilipokuwa, ingawa alaimenti, kule wanakopima na kunyoosha pembe za tairi, utaenda tu.

Pulizia mafuta ya kulegeza kutu jana yake, na urudie asubuhi. Mimi sikufanya hivyo, nikashinda na bolti moja mpaka jua likazama.

Bolti zikitoka, nako inaangukia nje kwa uzito wake. Hapo ndipo watu wanakata paipu ya breki au kuchomoa shafti upande wa giaboksi. Ifunge kwa waya imara kwenye bodi kabla hujatoa bolti ya pili. Waya wa ABS (mfumo unaozuia tairi zisijifunge ukikanyaga breki) na klipu ya paipu ya breki vitoe mapema kabisa. Stebilaiza linki, kile kifimbo kinachounganisha shokapu na chuma cha kuzuia gari lisilale kwenye kona, nayo ina tabia ya kuzunguka na nati yake. Tafuta tundu la ufunguo wa pembe sita kwenye ncha ya skrubu, uishike hapo huku ukifungua nati kwa spana.

Zile nati tatu za juu, acha moja ikiwa imeshika kwa nyuzi chache mpaka rafiki yako awe ameikamata shokapu kwa chini. Ni nzito kuliko inavyoonekana.

Kama kubana springi kunakutia hofu, kaka, zipo shokapu zinazouzwa zikiwa zimeshafungwa tayari na springi na maunti mpya. Ghali zaidi, lakini unafungua bolti na kufunga bolti tu. Mimi nilichagua hizo na sijutii.

MwendoPole:

Shikamoo mzee, na asante sana dada. Narudi na taarifa.

Nilianza Jumamosi upande wa kulia. Nati zililegea vizuri kwa sababu nilipulizia usiku. Nikabana springi kama mzee alivyosema, huku kidogo na kule kidogo, jasho linanitoka si kwa joto bali kwa hofu. Ilipotoka, nikaisukuma fimbo ya ile shokapu kavu kwa kiganja. Ilizama bila ubishi wowote, ikabaki hukohuko chini. Ile mpya nililazimika kuilalia. Nimeelewa sasa kwa nini ni mbili.

Upande wa kushoto ndio ulionishtua. Nilipotoa springi nikakuta ncha yake ya chini imekatika, kipande kama cha urefu wa kidole kimebaki ndani ya raba ya kiti. Kwa nje huwezi kukiona. Je, naweza kuirudisha kwa muda huku natafuta nyingine?

FundiMstaafu:

Marahaba. Usiirudishe. Springi iliyokatika ncha haikai tena kwenye ngazi yake, pale ncha inapokomea kwenye kiti cha chini, inaweza kuhama na kuchana tairi ukiwa barabarani. Nunua springi mbili, ile ya kulia nayo itoke. Najua inauma kufungua upande uliokwisha maliza. Gari libaki juu ya stendi mpaka zipatikane.

Ukifunga mpya, hakikisha ncha ya springi imegusa ngazi ya kiti cha chini. Kabla ya kufunga shokapu, isimamishe wima na uisukume chini na kuiachia mara nne tano, hewa iliyoingia ikiwa imelazwa dukani itoke. Na fimbo ile inayong'aa usiishike kwa koleo. Mkwaruzo mmoja tu unakula sili.

MwendoPole:

Imekamilika jana jioni. Nilikaza kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa vipimo vya kitabu cha gari, nikaendesha taratibu, nikasimama baada ya kilomita chache nikakagua nati zote tena. Ule mlio umekwisha. Kwenye tuta gari linashuka mara moja na kutulia. Nilirudia tuta lile mara tatu, sikuamini. Usukani umekaa upande kidogo, kesho asubuhi naenda alaimenti. Nikipumzika nitashika za nyuma.

FundiMstaafu:

Hongera, kijana wangu. Baba yako angefurahi kuliona likitembea hivyo.

Za nyuma nyingi zina jicho lenye bushi ya raba chini. Ile bolti usiikaze mpaka mwisho gari likiwa juu. Lishushe likae kwa uzito wake kwanza, ndipo ukaze. Ukikaza tairi zikiwa zinaning'inia, raba itaishi imesokotwa na itachanika mapema.

MwendoPole:

Nimeiandika hiyo kwenye ukurasa wa kwanza wa kitabu cha gari, mzee. Nitapiga picha nikianza.