Mzee kachomwa sindano ya jicho, linauma

binti_mkubwa: Jamani mzee ana sukari, juzi kachomwa sindano ya jicho, leo linauma kuliko jana na anaona ukungu, ninunue matone duka la dawa?

Sele: Mrudishe leo leo! Damu kidogo kwenye weupe ni kawaida, ila maumivu yanayozidi huku kuona kunapungua, siku chache baada ya sindano, hapo huenda bakteria washaingia ndani, matone hayatoshi, antibiotiki inachomwa humohumo jichoni.

mama_Nai: Ni nadra lakini, ndo maana wanasafisha na iodini kwanza, ile inayowasha balaa. Miami, Marekani, 2011 Avastin (dawa inayochomwa jichoni) iligawanywa kwenye sindano ndogondogo ikachafuka, kuna waliopofuka

binti_mkubwa: Asanteni, tupo kwenye bajaji