Picha za modeli ya bodaboda kwenye potifolio: Blender, Toolbag au Unreal?

mchongaji_kibuli
Salaamu ndugu zangu. Niko Kibuli, Kampala, natengeneza modeli za michezo ya kompyuta. Miezi mitatu hii nimeshughulika na moja tu: bodaboda ya Bajaj Boxer, tangi jekundu lililobonyea pale goti linapokaa, kiti kilichopasuka kikashonwa kwa uzi mweusi wa nailoni. Nimeiiga ya jirani yetu anayeegesha stendi ya chini. Ina pembetatu 18,000, yaani vipande vidogo vinavyounda umbo lake.

Nimerenda, yaani nimetoa picha kamili, kwa Cycles, injini ya kurenda iliyo ndani ya Blender, programu ya kuchongea modeli. Kadi yangu ya michoro ni GTX 1650, picha moja inakula dakika 40, na juzi umeme ulikatika ikikaribia kuisha. Hilo nimezoea. Kilichoniuma ni studio moja niliyoomba kazi: walisema picha zimependeza, ila hawawezi kujua modeli itakuwaje ndani ya mchezo. Je, ninunue Marmoset Toolbag, programu ya kuonyeshea modeli, au niipeleke Unreal, injini ya kutengenezea michezo?

nyundo_jinja
Ndugu yangu, usinunue chochote bado. Cycles inafuata miale ya mwanga inavyodunda huku na kule, kwa hiyo hata penye kazi dhaifu kivuli kinakufichia. Mchezo hauna muda huo, unahitaji picha 30 au 60 kila sekunde. Hao wanataka kuona modeli ikisimama yenyewe. Katika Blender hiyohiyo hamia Eevee, injini yake ya kurenda haraka kama mchezo. Kisha onyesha pembetatu zako: picha ya mistari mitupu, na tekscha, yaani picha zinazovikwa juu ya modeli, zikiwa zimetandazwa. Mimi nikipewa potifolio, naanza na hiyo ya mistari.

Taa zako ndizo zinanisumbua zaidi. Umemulika kutoka kila upande, pikipiki imekuwa bapa. Zima zote, weka moja kubwa kushoto, na nyingine hafifu nyuma ili ukingo wa tangi ujitenge na giza. HDRI, yaani picha za mazingira zinazomulika modeli, chukua tovuti ya Poly Haven, ni za bure. Na huo wekundu umepauka! Tangu Blender 4.0 rangi hupitishwa kwenye AgX, mfumo wa kugeuza rangi ziwe za skrini, usipobadilisha, nayo hufifisha rangi kali penye mwanga mwingi. Kuanzia 4.2 kuna chaguo jingine badala yake, Khronos PBR Neutral, lijaribu.

tekscha_arua
Toolbag ina siku 30 za kujaribu bure, zitumie ukiwa na modeli iliyokamilika, si kabla. Uzuri wake ni kwamba mtazamaji anaweza kuizungusha modeli mwenyewe kwenye kivinjari. Ila punguza tekscha kwanza, wengine tunafungua kwa simu na bando dogo.

mchongaji_kibuli
Eevee imenitolea picha kwa sekunde chache, na wekundu umerudi, asanteni sana. Nikajaribu na Unreal ili niiweke stendi. Sasa mbona mbonyeo wa tangi umegeuka uvimbe? Na vichwa vya boliti kwenye injini vimezama ndani kama vitundu!

nyundo_jinja
Modeli yako haina kosa. Unreal inasoma tekscha ya normo, ile inayoigiza mbonyeo na uvimbe kwa mwanga, kwa utaratibu wa DirectX, Blender kwa OpenGL, na tofauti yao ni chaneli ya kijani kupinduka. Fungua tekscha hiyo ndani ya Unreal, weka alama kwenye "Flip Green Channel". Ukiwa hapo, tekscha ya ukwaru, ile inayoamua uso ung'ae kiasi gani, iondolee alama ya sRGB, maana hiyo ni ya tekscha za rangi, la sivyo mng'ao wa tangi utakudanganya.

mchongaji_kibuli
Imekubali! Boliti zimetoka nje, na mbonyeo unashika kivuli upande wa juu kama ule wa jirani. Nimeamua: nne za Eevee, moja ya mistari, moja ya stendi kutoka Unreal. Toolbag baadaye. Ila nilipoukaribia mshono wa kiti nimeona uzi wa tatu kutoka nyuma unaelea juu ya ngozi, na Cycles ilikuwa inanifichia siku zote. Naurekebisha usiku huu kabla sijawaandikia tena.